Ngazi za Sauti na Sinthesaiza za Programu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Fizikia Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja alileta darasani ilimba ya babu yake, yaani ile marimba ya mkono ya Wagogo yenye ndimi za chuma. Somo la siku hiyo lilikuwa mitetemo. Tulikuwa na simu yenye programu ya kupimia sauti, tukapiga ulimi mmoja baada ya mwingine. Ndimi kadhaa zilikubaliwa na simu. Ulimi mmoja, simu ilituambia, ulikuwa chini kwa karibu senti 30. Darasa likacheka. Mimi nami nikatamka, pasipo kufikiri, kwamba chombo kimechakaa na yafaa kirekebishwe. Kijana akakifunga katika kitambaa chake, akakirudisha bwenini.

Kosa lilikuwa langu, wala si la chombo. Ili kueleza kosa hilo nitapitia njia ambayo huenda ikaonekana ya mbali: sinthesaiza za programu, yaani vile vyombo vya muziki ambavyo havina mwili wowote isipokuwa hesabu zinazofanywa ndani ya kompyuta. Maboresho yaliyofanywa katika vyombo hivyo miaka ya karibuni yamefungua jambo ambalo kinanda cha kawaida kililifunga kwa muda mrefu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Sinthesaiza ya programu haina uzi, ngozi wala ulimi wa chuma. Kazi yake ni kukokotoa mahali ambapo utando wa spika unapaswa kuwapo katika kila kipande kidogo cha wakati. Kwa kiwango kilichowekwa kwa ajili ya zile sahani za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, hesabu hiyo hufanywa mara 44,100 katika kila sekunde. Kila jibu ni namba moja, nayo huitwa sampuli. Sehemu ya programu inayotoa mtetemo wa awali huitwa osileta. Osileta iliyo rahisi kupita zote hutoa wimbi la saini, ambalo kila mwanafunzi wa hisabati analifahamu. Osileta nyingine hutoa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno. Wimbi hili lina ukali, kwa sababu ndani yake mna mtetemo wa msingi pamoja na harmoni zake zote, yaani mitetemo yenye marudio ya mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi na kuendelea, kila mmoja ukiwa dhaifu kuliko uliotangulia. Kisha huja chujio, ambalo hupunguza baadhi ya harmoni hizo. Mwishoni kuna sehemu inayoamua sauti ipande kwa kasi gani na ififie kwa muda gani. Kwa sehemu hii ya mwisho, wimbi lile lile laweza kusikika kama filimbi inayopulizwa au kama ubao uliogongwa.

Ipo pia njia nyingine, nayo mimi huipenda sana kuifundisha. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alex Strong wa Marekani walieleza jinsi ya kuiga uzi unaodonolewa. Chukua namba 100 zilizochaguliwa ovyo, uzipange katika duara. Zisome moja baada ya nyingine, na kila unapoisoma namba, iandike upya kama wastani wake na jirani yake. Namba hizo huzunguka mara 44,100 ÷ 100, yaani mara 441 kwa sekunde, na sikio husikia uzi wenye marudio ya karibu 441. Kwa kuwa wastani hulainisha tofauti, sauti hufifia polepole kama uzi wa kweli. Hakuna mtu aliyeuchora uzi huo. Umezaliwa na kujumlisha na kugawa kwa mbili.

Hesabu hizi si mpya. Mwaka 1957 Max Mathews, aliyekuwa mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, aliandika programu ya kwanza ya namna hii, na kompyuta ya IBM 704 ikatoa kipande cha muziki cha sekunde 17. Namba ziliandikwa kwanza katika utepe wa sumaku, kisha utepe ukachukuliwa mahali pengine penye chombo cha kuzigeuza kuwa sauti. Mpigaji hakuweza kubonyeza kitu na kusikia jibu papo hapo. Sasa kompyuta ndogo ya mezani hutoa sauti 16 kwa pamoja, kila moja ikiwa na osileta tatu. Yaani namba 16 × 3 × 44,100, ambazo ni zaidi ya milioni mbili kwa sekunde, bila kuhesabu machujio.

Wingi huo wa nguvu umetumika kwa sehemu kubwa kuondoa kasoro moja ambayo mwalimu wa Fizikia hana budi kuieleza. Sampuli 44,100 kwa sekunde haziwezi kuchukua mtetemo unaozidi nusu ya idadi hiyo, yaani 22,050. Mtetemo unaozidi haupotei. Hurudi ukiwa umejigeuza. Tuseme osileta ya msumeno inatoa sauti ya marudio 3,000. Harmoni yake ya tisa ni 27,000, nayo itasikika kama 44,100 − 27,000, ambayo ni 17,100. Ya kumi itasikika kama 14,100. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kigawe cha 3,000, kwa hiyo sikio hupata mkwaruzo usiohusiana na noti iliyopigwa. Ni udanganyifu wa jamii ile ile ya gurudumu la gari katika filamu, linaloonekana likizunguka kinyumenyume. Tiba mojawapo ni kufanya hesabu kwa kasi ya mara mbili au zaidi, kuchuja mitetemo iliyo juu mno, na ndipo kurudi kwenye 44,100. Sinthesaiza za zamani hazikuwa na nafasi ya anasa hiyo.

Sasa tuchukue mfano mmoja halisi. Surge ni sinthesaiza iliyotungwa na Claes Johanson, ikauzwa kama bidhaa. Mwezi Septemba 2018 aliiweka wazi maandishi yake ya ndani, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Watu wa kujitolea wakaichukua kazi hiyo, na Januari 2022 wakatoa toleo lililopanuliwa liitwalo Surge XT. Hulipiwi chochote kuitumia, na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Ina aina 12 za osileta, mojawapo ikiwa ya jamii ya ule uzi wa Karplus na Strong. Nyingine imetengenezwa kwa makusudi ili itoe ule mkwaruzo tulioueleza hivi punde, maana wapo wanaoupenda! Watungaji wake pia wameifanya iweze kutumiwa na wasioona, kwa kuiunganisha na programu zinazosoma maandishi ya kioo kwa sauti. Lakini boresho ninalolitaka mimi ni lile la ngazi za sauti.

Ngazi ya sauti ni mpangilio wa vidato kutoka sauti moja hadi ile yenye marudio mara mbili yake. Umbali huo huitwa oktavi. Kinanda cha kawaida huigawa oktavi katika vidato 12 vilivyo sawa, kila kidato kikizidisha marudio kwa 1.0595 hivi. Wapimaji wamekubaliana kuihesabu oktavi kuwa senti 1,200 (si senti za shilingi), kwa hiyo kila kidato cha kinanda ni senti 100. Kwa uwiano wowote wa marudio mawili, senti zake hupatikana kwa kugawanya logi ya uwiano huo kwa logi ya 2, kisha kuzidisha kwa 1,200. Mgawanyo wa vidato 12 umeenea duniani pamoja na vinanda, magitaa na simu zinazopima sauti, hata umefikiriwa kuwa sheria ya maumbile. La hasha. Ni mapatano ya watengenezaji, yenye faida zake.

Wagogo wa Dodoma hawakuyafanya mapatano hayo. Watafiti wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik, wameeleza kwamba ngazi yao ya sauti yatokana na harmoni zenyewe, hasa ile ya nne hadi ya tisa. Ni ngazi inayosikika katika uimbaji wao na katika ilimba, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikifikisha katika majukwaa ya nchi nyingi. Chukua mtetemo wa msingi wa marudio 100. Harmoni ya nne hadi ya tisa ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Anza kinanda katika 400, utafute 700. Hutaipata. Noti iliyo karibu zaidi ni 712.7. Uwiano wa 7 kwa 4 ni senti 969, na kinanda kinatoa 1,000. Tofauti ni senti 31.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Ulimi wa ilimba uliodaiwa kuwa chini kwa karibu senti 30 ulikuwa mahali ambapo harmoni ya saba ingeuweka. Simu ilijua vidato 12 tu, ikapima umbali kutoka kwenye kidato chake yenyewe, nami nikauita umbali huo uchakavu. Kijana yule alimaliza shule kabla sijaifanya hesabu hii.

Katika Surge XT ngazi hiyo huandikwa katika faili dogo la maandishi ya kawaida. Utaratibu wa kuliandika ulitokana na Scala, programu ya Manuel Op de Coul wa Uholanzi, na mkusanyo wa mafaili yaliyoandikwa kwa utaratibu huo una ngazi zaidi ya 5,000. Mstari wa kwanza ni maelezo, wa pili ni idadi ya vidato, kisha hufuata vidato vyenyewe:

Ngazi ya harmoni 4 hadi 9
5
9/8
5/4
3/2
7/4
2/1

Hivyo tu. Programu huyasoma maandishi hayo, na kila kibonye cha kinanda hupewa marudio mapya. Mhunzi angelazimika kufua na kusogeza ndimi. Hapa twabadilisha namba ambayo osileta huipokea.

Tuvuke mpaka hadi Buganda. Amadinda ni marimba kubwa ya mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana, kila mmoja akijaza nafasi zinazoachwa na mwenziwe, na wa tatu hugonga mbao mbili za juu. Klaus Wachsmann, aliyepata kuongoza Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, alipima vyombo vya huko akaona kwamba oktavi hugawanywa katika vidato vitano vinavyokaribia kulingana. Vingelingana kabisa, kila kidato kingekuwa senti 240. Tukianza na 220, twapata 252.7, 290.3, 333.5, 383.0 na 440. Kidato cha kwanza huangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda, karibu kabisa. Katika faili tungeandika 240.0, 480.0, 720.0, 960.0 na 2/1. Namba yenye nukta husomwa kama senti, yenye mkwaju kama uwiano.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza, mtengenezaji wa amadinda hana kikokotoo; anasikiliza na kuchonga, na vidato vyake hupishana kidogo na 240. Faili letu ni mfano wa kufundishia, si hukumu juu ya mbao za mtu. Nikilitumia kuzikosoa nitakuwa nimerudia kosa la simu, nikiwa na namba mpya. Ya pili ni ya Fizikia. Ukipiga ngazi hii kwa wimbi la msumeno, noti ya 220 ina harmoni ya tatu ya 660, na noti ya 333.5 ina harmoni ya pili ya 667. Hizo mbili hupigana mara saba hivi kwa sekunde, na wengi watasema chombo kinanung'unika. Ubao haufanyi hivyo. Ubao wenye unene sawa, ulioachwa huru ncha zote mbili, hauna harmoni za mara mbili na mara tatu. Mitetemo yake ya juu iko kwenye mara 2.76 na mara 5.40 ya ule wa msingi. Kwa hiyo anayetaka kusikia ngazi ya amadinda kwa haki atengeneze kwanza sauti ya ubao: mawimbi matatu ya saini kwa uwiano huo, yafifie upesi, yale ya juu yakitangulia kufa.

Shule yenye kompyuta moja na spika yaweza kufanya jaribio lifuatalo. Toa kwa pamoja marudio 500, ambayo ni harmoni ya tano ya mfano wetu, na 504, ambayo ni noti ya kinanda iliyo jirani yake. Wanafunzi wahesabu mapigo kwa sekunde kumi. Watapata karibu 40. Kisha watoe 700 na 712.7, nao watasikia mapigo yamekuwa ya haraka mno kuhesabika kwa kidole.

Zoezi la nyumbani: tafuta senti za harmoni ya kumi na moja, yaani uwiano wa 11 kwa 8, kwa kutumia kitabu cha logi. Jibu ni 551. Eleza simu ya kupimia sauti itasema nini ikisikilizishwa noti hiyo, na kwa nini huenda ikayumba kati ya majibu mawili.