Mrefu wa Kampemba, jipime kabla hujaipenda glaida

Mdogo wangu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, barua yako imenichekesha pale unaposema rafiki zako wanakuita Cheminée, kwa ajili ya lile bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Vumilia, wana wivu. Mita 1.97 ni kimo cha kujivunia, na kilo 104 kwa mtu wa kimo hicho ni mifupa pamoja na bukari, ugali wetu, uliyolelewa nayo, hakuna wa kukulaumu. Sasa umeona video za glaida, ndege isiyo na injini, unataka kujifunza, na tayari unaniuliza ununue ya aina gani. Swali hilo liweke pembeni kidogo. Yaya wako anauliza lingine: umewahi kukaa ndani ya moja ukafungiwa kioo?

Tuanze na hizo kilo 104. Bila shaka ulijipima nyumbani, umevaa fulana, pengine asubuhi kabla ya chai. Kwenye glaida unahesabiwa na kila kilichoko mwilini: viatu, koti, chupa ya maji, simu, na parashuti mgongoni. Parashuti peke yake ni kama kilo 7. Jumlisha mwenyewe, utafika 113 au 114. Sasa chukua ASK 21, glaida ya Kijerumani ya viti viwili, mabawa ya mita 17, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979 na ambayo wanafunzi wengi sana duniani wamejifunzia. Kiti chake kinabeba mwisho kilo 110, parashuti ikiwemo. Umeachwa nje kwa kilo tatu au nne. Na usifikiri ukikimbilia glaida nyingine ya mafunzo utaponea huko, kwa sababu nyingi zina kikomo hicho hicho.

Najua utasema, “Yaya, kilo tatu tu?” Sikiliza kwanza. Kwenye glaida ya kiti kimoja rubani anakaa mbele ya bawa, kwa hiyo kila kilo yake inasukuma kitovu cha uzito kuelekea puani. Kikisogea mbele kupita kiasi, pua inakuwa nzito, na siku ya kutua utavuta fimbo ya kuongozea mpaka mwisho wake, na pua isiinuke kama unavyotaka. Halafu kuna mabawa. Yenyewe ndiyo yanayobeba kila kitu, na wewe na kiwiliwili cha ndege mnaning'inia katikati yake. Uzito unaozidi hapo katikati unayakunja mabawa kwenye mashina. Ndiyo maana huwezi kuniambia utapunguza mzigo mahali pengine ili kilo zako zipite: kiti kina kikomo chake, na ndege nzima ina chake. Vyote vimeandikwa kwenye kibao kidogo mbele ya macho ya rubani.

Wapo wanaodanganya kilo zao mbele ya mwalimu kwa kuona haya. Hao sina subira nao. Mwalimu anapokuuliza uzito anapiga hesabu ya ndege, hakuchumbii.

Urefu nao una mambo yake, na mizani haitakusaidia. Watu wawili wa mita 1.97 wanaweza kutofautiana kabisa wakikaa: mmoja urefu wake uko miguuni, mwingine uko mgongoni. Wa mgongoni ndiye mwenye shida zaidi, maana kichwa kinagota kwenye kioo. Kwa hiyo ukifika klabu omba kukaa ndani ndege ikiwa chini, na ukae kama unakwenda kuruka kweli: parashuti mgongoni, kofia kichwani, mikanda imekazwa, kioo kimefungwa na kukomewa. Kati ya kofia na kioo pawe na nafasi, kwa sababu hewa mbaya inarusha watu juu hata wakiwa wamefungwa. Kisha peleka fimbo kwenye kila kona, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mapaja yakiizuia, ndege hiyo si yako. Kanyaga pedali zote mbili mpaka mwisho na uone kama magoti yanagonga paneli ya vipimo. Viatu vyako nadhani ni namba 47 au zaidi. Njoo na vyembamba vya soli nyepesi, yale mabuti ya mgodini yaache Kampemba. Ukimaliza yote hayo usishuke haraka. Kaa humo nusu saa. Maumivu ya kiuno huja taratibu, na safari ya glaida inaweza kuchukua saa nyingi.

Majina umeyataka, haya mawili matatu. Discus ya Schempp-Hirth ilitengenezwa kwa miili miwili: “a” ni nyembamba, “b” ni pana. Muuzaji akikuambia “Discus” bila herufi, muulize herufi. Astir ya Grob inasifiwa na warefu kwa nafasi yake. Libelle ni nzuri ya kutazama, ila ni ya watu wadogo. Ipige picha upite.

Kuna na habari ya kukufariji. Uzito wenyewe si adui wa kuelea angani. Marubani wa mashindano hujaza maji ndani ya mabawa, zaidi ya lita 100, kwa makusudi kabisa, kwa sababu glaida nzito inakata hewa kwa kasi zaidi na bado inafika umbali ule ule ikishuka kutoka kimo kile kile. Inachopoteza ni wepesi wa kupanda pale hewa ya moto inayopaa inapokuwa dhaifu. Colin Pennycuick, mwanasayansi Mwingereza, aliwafuata tai mizoga wa Serengeti miaka ya 1970 akiwa ndani ya ASK 14, glaida yenye injini ndogo, akawatazama wanavyozunguka katika hewa inayopanda kisha wanateleza mbali bila kupiga bawa. Wale si ndege wepesi hata kidogo, na wanavuka nchi.

Lakini uzito unadai kasi. Ukiongeza asilimia 10 ya uzito wa ndege nzima, kasi ya chini kabisa ya kuruka inapanda karibu asilimia 5. Na sisi wa Lubumbashi tunaishi juu: uwanja wa Luano uko kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa kumi, jua likiwaka kabla ya mvua, hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege inagusa ardhi ikienda kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko inavyogusa pwani, ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha namba ile ile. Mwanafunzi mzito kwenye uwanja wa juu anahitaji njia ndefu zaidi na mwalimu anayelijua hilo.

Kwako njia rahisi ni kupanda ndege ya Johannesburg, maana Afrika Kusini ina klabu nyingi. Mweiga karibu na Nyeri, Kenya, nako kumekuwa na klabu ya glaida. Bitterwasser ya Namibia usiianze. Huko wanakwenda mabingwa kutafuta safari za kilomita 1,000. Ukivutiwa na parashuti za kurukia milimani, kama wanavyofanya bonde la Kerio kule Iten, kimo hakitakusumbua, ila mizani itakufuata: bawa huchaguliwa kwa uzito wote wa mtu na vifaa, na wewe utakaribia 122. Tafuta saizi yenye nafasi hiyo ndani ya mipaka yake.

Ushauri wangu basi ni huu. Usinunue chochote mwaka huu. Nenda kwa muuza unga mwenye mizani ya magunia, panda na viatu na koti, ongeza 7. Ikizidi 110, unayo miezi kadhaa ya kupunguza bukari ya usiku. Ukifika kilo 100 kwa mizani ya nyumbani utaingia, kwa shida kidogo. Pima pia urefu wako ukiwa umekaa sakafuni, mgongo ukutani, toka sakafu mpaka utosini. Namba hizo mbili zitumie klabu kwa maandishi, uulize wana glaida gani ya viti viwili na kibao chake kinasemaje, na tiketi usiilipe mpaka wamejibu.