Mtoto Akipumua Mbio, Usingoje
Kijitabu cha familia za Kasuku

Homa si malaria peke yake

Hapa Kasuku, mtoto akichemka mwili, neno la kwanza nyumbani ni malaria. Si vibaya kuifikiria, maana ipo kwetu mwaka mzima na inaua. Ubaya ni kuifikiria peke yake. Nimonia, ugonjwa wa mapafu, nayo huja na homa na kikohozi, na kwa makadirio ya UNICEF iliua watoto wapatao 40,000 wa chini ya miaka 5 katika Kongo yetu mwaka 2018. Dawa ya malaria haiiponyi nimonia hata kidogo. Kwa hiyo mzazi anayenunua vidonge farmasini, akavigawa nusu nusu na kungoja siku tatu aone, huenda anatibu ugonjwa ambao mtoto hana, huku ule alio nao unazidi. Siku hizo tatu za kungoja ndizo zinazotusumbua kuliko jambo lingine lolote.

Funua kifua, hesabu pumzi

Kazi hii haitaki mashine wala shule. Mtoto atulie kwanza, asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo, tazama kifua au tumbo, hesabu kila linapopanda kwa dakika moja nzima ya saa ya simu. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Akifika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama umeshampa dawa ya malaria. Usingoje.

Hospitali saa hiyo hiyo

Mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta pumzi; akitoa mlio wa kukwama kooni naye ametulia; akishindwa kunyonya au kunywa; akitapika kila kitu; akipata degedege; akilegea na kuwa mgumu kuamka; midomo au ulimi ukigeuka bluu. Dalili moja inatosha hata kama pumzi hazijafika namba. Usingoje ya pili. Usingoje baba arudi. Usingoje maombi yaishe: ombeni njiani.

Tunayoyasikia

Wengi husema hospitali ni ghali, tujaribu farmasi kwanza. Hesabu yenyewe inakataa. Nimonia iliyowahiwa kwa kawaida hutibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kumeza, kwa kipimo na siku alizoandika muuguzi. Iliyocheleweshwa inataka kitanda, sindano, oksijeni, na mtu wa kumlinda mgonjwa ambaye siku zote hizo haendi shamba wala sokoni. Anayengoja ili aokoe franka ndiye atakayelipa nyingi. Wengine husema watoto hufia hospitali, hasa wakiwekewa bomba la oksijeni puani. Wapo wanaofariki, ni kweli. Lakini bomba huwekewa yule ambaye tayari pumzi zinamshinda, na aliyeletwa mapema mara nyingi halihitaji kabisa. Walio shambani ng'ambo ya mto husema usiku hakuna mtumbwi. Ndiyo maana pumzi zihesabiwe jua lingali juu, mpiga kasia akiwa bado anapatikana.

Akilazwa

Usitoe bomba la puani, hata akilia. Mnyonyeshe kidogo kidogo, isipokuwa muuguzi amekataza. Usimtie mafuta puani wala kumnywesha dawa za mizizi kwa siri, kwa sababu mtoto anayehema huweza kupaliwa. Na usimtoroshe kwa kuwa siku ya pili amecheka: homa hushuka kabla ugonjwa haujaisha, na dawa iliyoachwa katikati humrudisha kitandani akiwa dhaifu zaidi.

Chanjo

Ya nimonia, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2011, ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua huanza miezi 9.

Moshi

Mtoto asikae jikoni penye moshi wa kuni au makaa, hata mgongoni mwa mama.

Mkirudi nyumbani

Maliza dawa zote. Funua kifua asubuhi na jioni, uhesabu. Namba ikipanda tena, usingoje siku ya kuonana na daktari: rudi naye saa hiyo hiyo, na karatasi za hospitali mkononi.