KARATASI YA MAABARA INASEMA NINI? Somo juu ya ugonjwa wa selimundu



Kwa somo la safari hii mtahitaji makopo mawili na maharagwe manne, mawili mekundu na mawili meupe. Mweka hazina ayalete kikaoni. Kazi yake tutaiona mbele.

Katika vikundi vingi vya upande wa ziwa na vya pwani kuna mzazi mwenye mtoto ambaye kila mara "hana damu." Anapelekwa zahanati, anatobolewa kidole, anarudi na chupa ya dawa ya kuongeza damu na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kikaratasi kinatupwa chini ya godoro. Miezi miwili baadaye mtoto yuko hoi tena, na hapo maneno yanaanza: ati ni jicho la jirani, ati mama alitoka ukoo mbaya. Mimi nasema nusu ya maneno hayo yangekwisha kama tungejua kukisoma kile kikaratasi.

Mara nyingi jambo la kwanza lililoandikwa pale ni Hb. Hii inapima ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa safi mwilini. Mwanamume anatakiwa afikie 13, mwanamke asiye na mimba 12, na mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano karibu 11. Mtoto huyo akiwa chini ya 7, hiyo ni hatari, msingoje siku ya soko ndipo mmpeleke.

Lakini Hb ni kama kuchungulia tangi la maji la kikundi. Unaona maji yamepungua, basi. Huwezi kujua kama mvua haikunyesha, kama tangi linavuja, au kama kuna mtu ameacha mfereji wazi. Mtoto anaweza kukosa damu kwa sababu chakula hakina madini ya chuma ya kutosha, au minyoo ya safura inamnyonya, au malaria inavunja chembe zake za damu. Na anaweza kukosa damu kwa sababu ya selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita siko seli.

Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, inapita kwenye mishipa midogo bila shida, na inaishi siku kama 120. Chembe ya mgonjwa wa selimundu inajikunja na kuwa ngumu kama mundu wa kukatia nyasi. Inakwama njiani, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanatokea. Pia inavunjika mapema, baada ya siku 10 hadi 20 tu. Mwili unatengeneza damu mpya mbio mbio lakini haufikii. Macho yanageuka manjano. Kwa mtoto mdogo dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba, kuanzia umri wa miezi sita hivi, kwa sababu kabla ya hapo ile damu aliyozaliwa nayo inamkinga.

Sasa mtaona kwa nini ile chupa ya dawa haikusaidia. Chembe za mtoto huyu zikivunjika, madini ya chuma hayapotei, mwili unayatumia tena. Akiongezewa damu hospitalini anapata mengine zaidi. Kumnywesha dawa ya madini hayo bila kipimo kuonyesha kwamba yamepungua ni kumjazia kitu asichohitaji, na kikizidi kinaumiza ini na moyo. Foliki asidi ni kitu kingine, hiyo anapewa kwa kuwa inasaidia kujenga chembe mpya.

Tuje kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuna kipimo cha haraka ambacho maabara nyingi ndogo zinakifanya. Jibu lake huwa ni pozitivu au negativu. Pozitivu inasema jambo moja tu: ndani ya damu hii kuna S. Haisemi kama mtoto ni mgonjwa au amebeba tu. Tena kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema negativu na kumbe S ipo. Kwa hiyo ukipewa pozitivu usilie wala usimlaumu mtu. Uliza: "Daktari, kipimo cha kutenganisha kinafanyika wapi?" Kinaitwa elektroforesisi, na kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa. Kama mtoto aliongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, mwambieni mpimaji, kwa sababu damu ya mtu mwingine inaweza kuharibu jibu.

Jibu la kipimo hicho ni herufi mbili. AA ni damu isiyo na S. AS amebeba, lakini si mgonjwa, analima na kucheza mpira kama wengine. SS ndiye mwenye ugonjwa.

Chukueni makopo sasa. Kila kopo litiwe haragwe moja jekundu, ndiyo A, na moja jeupe, ndiyo S. Kopo moja ni baba, jingine ni mama, na wote wawili ni AS, wazima kabisa. Mtu mmoja afumbe macho, atoe haragwe moja katika kila kopo. Huyo ni mtoto. Andikeni, mrudishe maharagwe, mtoe tena, mpaka mara ishirini. Kwa wastani meupe mawili hutokea mara moja katika kila nne. Lakini mtashangaa, pengine yatafuatana mara mbili, pengine yatakawia sana. Kila mimba maharagwe yanarudishwa koponi upya. Na hakuna meupe mawili bila kopo zote mbili kutoa. Wale wanaomfukuza mama kwa sababu ya mtoto wa SS waoneshwe zoezi hili.

Mtauliza, kwa nini S iko zaidi kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu na kuona S ni nyingi kando ya ziwa na pwani, na chache milimani kwenye baridi. Mwaka wa 1954 aliandika kwamba mtoto wa AS anakingwa na malaria kali. Lakini wa SS hana ahueni hiyo, malaria ndiyo inayomwangusha upesi.

AS si kizuizi cha ndoa kanisani. Hata hivyo ni heri wachumba wapime kabla mahari haijapelekwa, waamue wakijua.

Mtoto wa SS anaweza kukua. Anahitaji penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, dawa ya kuzuia malaria, chandarua, chanjo zote na maji mengi ya kunywa. Kuna pia haidroksiyurea. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2019, ambao watoto wa Kilifi walikuwemo, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria na vifo. Hiyo haipewi bila kupima damu mara kwa mara. Homa, kupumua kwa shida, upande mmoja wa mwili kulegea, au tumbo la kushoto kuvimba na mtoto kupauka ghafla, ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, na kile kikaratasi mkononi.

Ya kujadili kikaoni: Nauli ya hospitali kubwa na ada ya kipimo, je, vinaweza kutoka katika mfuko wa dharura kama mkopo bila riba? Na usiku homa ikipanda, katika kijiji chetu ni nani mwenye pikipiki anayeweza kuamshwa?