Dondoo muhimu: Gurami katika baridi ya Kilimani

Mwezi wa Julai, joto la usiku mtaani Kilimani, Nairobi, hushuka hadi nyuzi 11 hivi za Selsiasi. Gurami ni samaki wa maji vuguvugu ya Asia. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Kwa hivyo nunua hita yenye kidhibiti joto kabla ya kununua samaki, pamoja na themomita ya kuihakiki. Stima ikipotea, lifunike tangi kwa blanketi. Usimimine maji ya moto ndani.

Kifuniko ni lazima hata stima ikiwapo. Gurami hupanda juu kumeza hewa, akiipitisha kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua, na hewa baridi humdhuru. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya maji na kifuniko, na upenyo mdogo wa hewa.

Maji ya mfereji yana klorini: tia dawa ya kuiondoa. Ya kisima kirefu cha ploti yapime kwanza, maana visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote.

Madume wawili kwenye tangi la lita 60 watapigana, tena bila huruma. Weka dume mmoja na majike wawili, na mimea inayoelea. Filta isisukume maji kwa nguvu. Ukiona povu limejikusanya juu, usilipanguse. Dume anajenga kiota.

Ukichoka kuwafuga, mpe mwenzako. Kuwamwaga mtoni Kirichwa Kubwa ni uhuni.