Ilipoangukia Sipo Ilipojikwaa

Wengi wetu tunafundishwa kwamba kerneli ikifa, soma ujumbe wa mwisho, tafuta jina la fanksheni iliyotajwa, rekebisha. Ushauri huo ni nusu tu. Hitilafu ya Linux iliyosajiliwa kama CVE-2013-2094 inaonyesha nusu ya pili, na likizo hii niliirudia nikiwa nyumbani Kharumwa, ndani ya mashine pepe yenye kerneli ya zamani. (Usijaribu kwenye laptopu yenye ripoti yako ya field, tafadhali.)

Mahali penyewe ni perf, sehemu ya kerneli inayopima utendaji kwa kuhesabu matukio, kwa mfano prosesa imehama mara ngapi kutoka kazi moja kwenda nyingine. Programu inaomba kaunta kwa kutuma namba ya biti 64 iitwayo config. Wakati ule matukio ya kundi tunalolizungumzia yalikuwa tisa, 0 hadi 8. Kuanzia 9 ilitakiwa kukataliwa mlangoni.

Aprili 2013 Tommi Rantala alikuwa anaendesha Trinity, programu ya Dave Jones inayoirushia kerneli maombi ya ovyo ovyo. Kerneli ikaanguka ndani ya sw_perf_event_destroy, inayofunga kaunta. Sasa ifungue uisome. Inachukua config yote, biti 64, inapunguza moja kwenye safu ya perf_swevent_enabled, basi. Haina kosa!

Hapo swali linabadilika: huyu anapunguza, aliyeongeza ni nani? Ni perf_swevent_init, na mstari wake mmoja unasema int event_id = event->attr.config. Int ni biti 32, tena ina alama ya hasi. Tuma 4294967295, nayo inageuka -1. Mlinzi anauliza: ni 9 au zaidi? Siyo, pita. Kerneli inaongeza moja kwenye nafasi ya -1, yaani kumbukumbu ya mwenyewe mwingine kabla ya safu kuanza, na jambo hilo linaweza kupita kimya kabisa. Kwenye kufunga, namba inasomwa nzima, anwani inaangukia mbali mno, kifo.

Ni kama mwalo wa hapa kwetu ambako karani wa kupokea viroba vya mawe anasoma tarakimu mbili za mwisho za lebo, na karani wa kutoa anaisoma lebo yote. Kirobo kikikosekana, atakayegombezwa ni wa kutoa, na wala hakukosea.

Kwenye mashine pepe niliweka printk moja kila upande, kabla ya safu kuguswa. Juu ikatoka -1, chini 4294967295, kwa ombi lile lile. Binafsi naona jozi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa anwani za heksadesimali.

Dawa ilikuwa kubadili int kuwa u64, ikaingia toleo la 3.8.9. Kosa lilikuwepo tangu 2.6.37, na mwanzoni lilionekana ni kuanguka tu. Lakini anayechagua namba ndiye anayechagua kerneli iandike wapi. Mei 2013 ikatolewa hadharani programu iliyomfanya mtumiaji wa kawaida kuwa root.