Hodi ya Saa Nane Usiku

Nesi wa zahanati ya kijijini hana saa ya kutoka kazini. Nyumba ya mtumishi iko hatua chache tu kutoka dirisha la dawa, na kijiji kizima kinajua taa ya chumbani kwako huzimwa saa ngapi. Utaitwa sista na wanawake wa umri wa mama yako, na saa nane usiku utapigiwa hodi. Mdogo wangu unayeripoti kituo chako cha kwanza, sikufundishi kuikimbia hodi hiyo. Nataka uipange mapema, isije ikakulia nyumba yako.

Wiki ya kwanza, mwone mwenyekiti wa kijiji akupe dakika kumi kwenye mkutano. Waambie watu wazi wazi ni mambo gani yasisubiri kuche: uchungu wa uzazi, mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana au kuona ukungu, degedege, mtoto aliyekataa kunyonya, mtu anayehema kwa shida, aliyeumwa na nyoka. Kisha taja yanayosubiri asubuhi: kubadilisha bandeji, vidonge vya uzazi wa mpango, kikohozi cha muda mrefu. Rudia maneno hayo hayo kila siku ya kliniki. Watu hawakusumbui kwa makusudi. Wengi hawajui lipi ni la haraka, kwa hiyo wanakuletea yote.

Hodi ikipigwa, chukua tochi na funguo, mwende zahanati. Usitibu sebuleni hata kama mgonjwa ni shemeji yako. Dawa iliyotoka kwenye kabati la jikoni haikuandikwa popote, na kesho mwenzako wa zamu anaweza kumpa mtoto yule yule dozi nyingine bila kujua. Zahanati kuna glavu, mwanga na kitabu. Kabla ya kulala hakikisha tochi ina chaji, oksitosini iko kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, na namba za dharura zimebandikwa ukutani. Kwa Tanzania, anza na 115 ya m-mama, haina malipo, kwa usafiri wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Usiku si wakati wa kutafuta namba ya dereva.

Usiku mmoja mama aliniletea mtoto aliyeharisha tangu mchana. Macho yalikuwa yamezama. Nikafinya ngozi ya tumbo, ikarudi polepole, lakini nilipompa kikombe alikinywa kwa pupa, asitake kukiachia. Hapo nikajua tunaweza kumwokoa kwa kinywa. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kama mililita 750 za maji ya ORS ndani ya saa nne. Sikuchanganya mimi. Nilimpa mama pakiti na maji safi lita moja, akachanganya mwenyewe huku naangalia, akaanza kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Mtoto akitapika tunasubiri dakika kumi, kisha tunaendelea taratibu zaidi. Kulipokucha mtoto alikuwa anamvuta mama yake ushungi. Waliondoka na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, vya siku 10. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu yake. Mkono uliojifunza kuchanganya hautapiga hodi kwako kwa kila choo chepesi, na utawafundisha majirani. Ndiyo maana nasema usifanye kila kitu mwenyewe, hata pale ambapo kufanya mwenyewe ni haraka zaidi.

Sasa nyumbani kwako. Kinyozi hajinyoi, na mimi nililipa gharama ya methali hiyo. Mwanangu wa pili alipata homa wiki ambayo foleni ilikuwa haikatiki. Siku mbili nilimpa paracetamol jioni, nikamgusa paji la uso, nikarudi kazini. Siku ya tatu nilimkuta amelegea mkekani, hataki hata uji. Kipimo cha malaria kilitoa mistari miwili kabla sijakaa vizuri. Watoto wa wenzangu nilikuwa nawapima siku ile ile ya homa; wa kwangu nilimkadiria kwa kiganja. Alipona, lakini tangu hapo watu wa nyumbani kwangu wanapanga foleni kama wengine: wanafunguliwa kadi, wanaonwa na mwenzangu, siyo na mimi. Anza hivyo tangu siku ya kwanza.

Ukichomwa na sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa ile ile. Dawa za kinga ya VVU zianzwe ndani ya saa chache, zisipite saa 72, nazo humezwa siku 28. Mwambie mwenzi wako usiku huo huo na mtumie kondomu mpaka vipimo vya mwisho. Najua aibu yake, lakini kuficha ni kumweka hatarini mtu aliyekuchemshia maji ya kuoga.

Ukitoka zamu ya usiku, weka kitenge kizito dirishani na simu mkabidhi mtu mwingine. Watoto watengee wakati mmoja wa wiki usiogawanywa, na kijiji kiujue. Kwetu ni jioni ya Jumapili, na watu wameuheshimu kuliko nilivyotarajia. Siri za wagonjwa ziishie zahanati, hata mume au mke akiuliza ni nani alilia usiku.

Na ukienda likizo, siku mbili kabla mtembeze anayebaki kwenye nyumba za wajawazito waliokaribia. Wamwone sura, naye aijue njia ya kila nyumba gizani. Kisha mwachie funguo.