Kabla ya Kuuza Shamba: Mazungumzo Kuhusu Saratani Iliyoenea

Saratani inapogundulika ikiwa imekwisha kuenea mwilini, familia hukabiliwa na maswali mawili: tufanye nini, na fedha zitatoka wapi? Mara nyingi la pili hujibiwa kwanza, kwa michango, mkopo au kuuza shamba, ilhali lile la kwanza halijajadiliwa kwa kina. Somo hili linahimiza mpangilio huo ugeuzwe.

Lengo la tiba

Tibakemia au mionzi yaweza kulenga kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu tu. Mgonjwa asipoelezwa lengo, hudhani ni kuponya. Gharama nazo si bei ya dawa pekee: kuna nauli, malazi, na siku za kazi anazopoteza anayemuuguza.

Kusitisha tiba si kumtelekeza mgonjwa

Huduma shufaa hutuliza maumivu, kichefuchefu na shida ya kupumua, tena huwafariji jamaa. Haingojei siku za mwisho. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2010 ulihusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Waliopewa huduma hii mapema, pamoja na tiba ya kawaida, waliishi kwa wastani miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9, ingawa wachache zaidi miongoni mwao walipewa tiba nzito walipokaribia kufa.

Nafuu hiyo yaweza kupatikana nyumbani. Nchini Uganda, mofini ya unga huchanganywa na maji, mgonjwa akainywa kwake. Na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa huduma shufaa wameruhusiwa kuiandika.

Maswali ya kumwuliza daktari

1. Tiba hii inalenga nini, na tutajuaje kwamba inasaidia?
2. Yaweza kuongeza muda gani, na mgonjwa atakuwa katika hali gani?
3. Gharama zote ni kiasi gani, na ni nani atakayezibeba?
4. Tukiisitisha, maumivu yatatulizwaje?

Kwa mtoa huduma

Usianze na ndugu huku mgonjwa yupo. Mwulize anafahamu nini, angependa kuelezwa kiasi gani, na angependa nani awepo. Wapo wanaotaka kujaribu kila tiba. Wapo wanaotaka kurudi nyumbani na kuwaachia watoto ada ya shule. Akiwa na akili timamu, uamuzi ni wake. Nao huwa wa haki pale tu anapoujua ukweli.